Umeshalipa, Bado Hujalipa

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe, niliyoificha kwa zaidi ya mwaka kwa sababu ilimhusu mtu aliyenitendea wema.

Aprili 2024 nilikwenda Las Vegas. Kabla hamjaanza kuninong'ona huko mlipo, nilikwenda kikazi. Kila Aprili chama cha watangazaji wa Marekani, NAB, hufanya maonyesho yake katika mji ule, na watu wa redio na televisheni kutoka pande zote za dunia huenda kutazama mitambo mipya. Wengine hununua. Sisi wengine hushikashika tu, tukauliza bei, tukachukua kipeperushi.

Nina mpwa wangu anaishi Dallas. Aliposikia nakwenda, akapiga simu: "Mjomba, hoteli niachie mimi. Wewe njoo na begi lako tu." Nikakataa kidogo, kama inavyotakiwa mtu mzima akatae, kisha nikakubali kwa furaha isiyofichika. Siku ile ile akanitumia picha kwa WhatsApp: jina langu, jina la hoteli, siku nne, na kwa herufi nene imeandikwa kwamba malipo yamekamilika. Dola 267 na senti 57. Picha ile niliwaonyesha watu wengi kuliko niliowaonyesha viza.

Nikafika usiku, baada ya ndege tatu, miguu imevimba kama ya mjamzito. Hoteli nyingi za kule zimejengwa kwa namna ambayo huwezi kufika mapokezi bila kukatiza kwenye ukumbi wa kamari, kwa hiyo nikaburuta begi katikati ya mashine zinazolia na watu wasiojua kama nje ni usiku au mchana. Foleni ikasogea. Zamu yangu ikafika. Binti wa mapokezi, mpole kabisa, akatazama pasipoti, akabonyeza kompyuta yake, akasema, "Karibu sana. Naomba kadi ya benki."

Nikamwambia imeshalipwa, na nikamwonyesha ile picha.

"Ndiyo, chumba kimelipwa," akasema. "Ada ya risoti bado."

Dola 45 kwa kila usiku, na juu yake kodi ya zaidi ya asilimia 13, maana hata ile ada nayo hutozwa kodi. Kwa siku nne ikawa dola 204 na senti 8. Piga hesabu kwa shilingi ya wakati ule, zaidi ya laki tano. Na baada ya hapo, akaongeza kwa sauti ile ile ya upole, tutashikilia dola 200 nyingine kwenye kadi yako kama dhamana, utarudishiwa ukishaondoka.

Nikauliza ada hiyo ni ya nini. Akanipa karatasi. Bwawa la kuogelea. Jim. Intaneti chumbani. Chupa mbili za maji kwa siku. Na simu za bure ndani ya mji. Nikamwambia, binti yangu, mimi siogelei, jim sijawahi kuingia, na katika mji huu mzima sina hata mtu mmoja ninayemjua wa kumpigia simu. Akatabasamu. "Ni ya lazima, bwana."

Neno hilo, lazima, ndilo ninalotaka tukae nalo leo.

Kwetu gesti ina adabu yake. Unafika Korogwe au Makambako umechoka, unauliza chumba shilingi ngapi, unaambiwa. Unauliza, maji ya moto yapo? Chai asubuhi ipo? Ikiwepo ipo, isipokuwepo utakunywa kwa mama ntilie nje. Ukitaka feni badala ya kiyoyozi, bei inashuka. Ukiona ghali, unanyanyua begi unavuka barabara. Hata kondakta wa basi anayekudai hela ya mzigo baada ya nauli, na tunamjua jinsi alivyo, angalau anakudai kwa sababu mzigo upo. Hajawahi kutokea kondakta wa kukudai hela ya mzigo huku mikono yako mitupu, akasema mzigo ni wa lazima.

Ukinilipisha bwawa nikiogelea, hiyo ni huduma. Ukinilipisha bwawa nisipoogelea, wala sina ruhusa ya kulikataa, wala huwezi kunipa chumba bila hilo, basi hilo si bwawa tena. Hiyo ni bei ya chumba, imekatwa vipande viwili, kimoja kikawekwa dirishani na kingine kikafichwa chini ya kaunta.

Kwa nini waikate? Mtu anayetafuta hoteli kwenye intaneti hupanga orodha kuanzia ya bei ndogo kwenda juu. Hoteli ya dola 104 itatokea huko chini ambako hakuna anayefika. Ikiandika dola 59 na kuweka 45 pembeni, inapanda ghorofa kadhaa bila kupunguza hata senti. Jirani yake aliyekuwa anaandika bei nzima anaonekana ghali, wateja wanamkimbia, naye mwishowe analazimika kukata yake. Kampuni kubwa ya kamari na hoteli ya Caesars ilikuwa ikijitangaza mjini Las Vegas kwamba yenyewe haitozi ada hizi, na ikawasema wenzake. Mwaka 2013 nayo ikaanza kutoza.

Kuna sababu ya pili ambayo msafiri haioni. Wakala wa mtandaoni anayeuza chumba huchukua kamisheni yake kutoka kwenye bei ya chumba. Kile kipande kinacholipwa mapokezi hakipiti mikononi mwake, kwa hiyo hoteli inabaki nacho chote. Mawakala hawakulala. Mwaka 2019 Booking.com walitangaza kwamba sasa watadai kamisheni hata kwenye ada hizo. Wakubwa walikuwa wakigombania mfuko, na mfuko wenyewe ni wako.

Ada hizi zilianzia kwenye hoteli za mapumziko za miaka ya 1990, zile za ufukweni na viwanja vya gofu, ambako angalau kulikuwa na kitu cha kuonyesha. Siku hizi zimehamia katikati ya miji. New York utakuta hoteli isiyo na bwawa wala mchanga wala mnazi, na bado inakudai. Huko wameipa jina jingine, tuseme ni ada ya mahali ulikofikia. Yaani unalipia kwa kuwa umefika.

Wamarekani wenyewe wamelalamika kwa muda mrefu. Tume yao ya biashara, FTC, iliwaandikia barua ya onyo waendeshaji hoteli 22 mwezi Novemba 2012. Januari 2017 mchumi wa tume hiyo akatoa uchambuzi uliosema kwamba kutenga ada ya lazima na bei ya chumba bila kutaja jumla kwanza kunaelekea kumwumiza mnunuzi na hakumpi faida yoyote, maana kunamlazimu ama atumie muda mwingi kutafuta bei ya kweli, ama akubali kuchagua gizani. Mwaka 2019 mwanasheria mkuu wa Washington, D.C. akaishtaki Marriott, na yule wa Nebraska akaishtaki Hilton. Februari 2023 Rais Joe Biden akalitaja jambo hili bungeni katika hotuba ya hali ya taifa. Sijui ni mataifa mangapi ambayo rais huhutubia bunge juu ya chupa mbili za maji na bwawa usiloogelea, lakini kule ilifikia hapo.

Kuanzia tarehe 12 Mei 2025 kanuni mpya ya FTC imeanza kufanya kazi kwa nchi nzima. Inagusa mambo mawili tu, malazi ya muda mfupi na tiketi za maonyesho na michezo. Inataka bei ya kwanza unayoonyeshwa iwe na ada zote za lazima ndani yake, na bei hiyo ionekane kuliko nyingine yoyote. Inawahusu wenye hoteli na mawakala pia. California ilitangulia na sheria yake ya Julai 2024, na Uingereza imepiga marufuku mtindo huu tangu Aprili 2025.

Sasa msishangilie haraka. Kanuni haikuzifuta ada. Imesema tu zitolewe mafichoni. Hoteli inaweza kuendelea kukutoza dola 45 za bwawa mradi umeziona kabla. Na kodi za serikali zinaruhusiwa kubaki nje ya ile bei ya kwanza, zikaja kuongezwa kabla hujalipa. Mpwa wangu alinipigia majuzi akilalamika kwamba hoteli za Las Vegas zimepanda bei ghafla, ile ya 59 imekuwa zaidi ya 100. Nikamwambia hazijapanda, mama, ndivyo zilivyokuwa siku zote.

Hapo ikabidi nimweleze yaliyonikuta, maana sikuwa nimemwambia. Ndiyo aibu niliyoanza nayo. Usiku ule pale mapokezi ningeweza kumpigia. Nilikuwa na simu mkononi. Lakini mtu anayekupa zawadi humwambii kwamba ina tundu. Nikatoa kadi yangu, ambayo si ya mkopo, ni hii ya kawaida inayokata moja kwa moja kwenye akiba, nikalipa zile 204, na zile 200 za dhamana zikakamatwa humo humo. Zilizobaki zilinitosha kula kwa hesabu kali, na zawadi za watoto nikazinunua siku ya mwisho, nyepesi nyepesi. Dhamana ilirudi baada ya siku kadhaa, nikiwa nimeshafika nyumbani. Mpwa wangu akaniuliza kama niliifurahia hoteli. Nikamjibu kwamba ilikuwa nzuri sana, na kweli ilikuwa nzuri.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu wengi wetu ndivyo tunavyosafiri. Anayelipa yuko Dallas, au London, au Muscat, na anayelala yuko njiani. Mlipaji anapata barua pepe ndefu yenye kurasa tatu. Anakata kipande cha juu, chenye jina na jumla, anakutumia. Kipande cha chini, ambako kumeandikwa malipo mengine yatakayofanywa hotelini, kinabaki kwenye barua pepe yake, na yeye mwenyewe hajakisoma kwa sababu macho yalisimama kwenye neno la kukamilika. Nilimwomba mpwa wangu anitafutie ile barua ya 2024. Ilikuwapo. Mstari mmoja, herufi ndogo kama za dawa ya minyoo, dola 45 kwa chumba kwa usiku, kodi juu yake, kulipwa unapofika. Tena aliweka tiki kwamba amekubali masharti. Alipouona akanyamaza, kisha akasema, "Mjomba, kwa nini hukuniambia?" Nikabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo mwambie anayekulipia akutumie barua nzima, si picha. Ukiipata, shuka moja kwa moja hadi chini, tafuta neno lenye maana ya lazima, na neno lenye maana ya kulipwa hotelini. Halafu piga simu hotelini kabla pesa haijatoka, uulize swali moja tu: mpaka natoka mlangoni siku ya mwisho, nitakuwa nimelipa jumla gani, kodi na kila kitu? Usiulize bei ya chumba. Mtu wa hoteli ukimuuliza bei ya chumba atakujibu bei ya chumba, na hatakuwa amesema uongo.

Kabla ya kulipa ndiyo saa yenyewe, maana ukishalipa mambo yanageuka. Chumba kilicholipiwa kabla, hasa kile cha bei ya chini, mara nyingi hakirudishwi pesa. Ukikasirika pale kaunta ukasema basi sitaki, ile ada kweli hutalipa, lakini umeacha dola 267 mezani na umetoka nje saa sita usiku na begi. Wenye hoteli wanalijua hilo. Wakati wa kusema hapana ulikuwa kule nyumbani, ukiwa umekaa kwenye kochi, na wakati huo kiasi chenyewe hukuonyeshwa, au ulionyeshwa kwa herufi za dawa ya minyoo.

Ikiwa umeshafika na umeshikwa, basi usimgombeze binti wa mapokezi. Hakuipanga yeye, na anatukanwa kila siku kwa ajili yake. Omba meneja, kwa sauti ya chini. Ukiwa na ushahidi kwamba huduma mojawapo haipo, bwawa limefungwa kwa matengenezo au intaneti haishiki, hapo una hoja, na wapo wanaopunguza. Ukiwa na ushahidi kwamba wakala hakukuonyesha ada hiyo kabisa, lipa, chukua risiti iliyoichambua peke yake, kisha mdai wakala aliyekuuzia. Kukimbilia benki waivute pesa bila karatasi mkononi ni kujisumbua, kwa sababu hoteli itawapelekea ule ukurasa wenye tiki. Kwa safari za sasa za Marekani, piga skrinishoti ya ile bei ya kwanza kabisa uliyoiona. Kama iliongezeka njiani kwa kitu kisicho kodi, FTC wana mahali pa kupokea malalamiko, na mwanasheria mkuu wa kila jimbo anayo meza yake. Na wale ndugu zetu wa ughaibuni wenye pointi za hoteli, Hilton na Hyatt hawatozi ada hii kwenye usiku uliolipwa kwa pointi zote. Wengine hutoza hata hapo.

Ile dhamana ni jambo tofauti, msiichanganye. Hiyo hurudi. Lakini kwa mwenye kadi ya akiba kama mimi, pesa inayoshikiliwa ni pesa halisi, haipo hadi irudi. Ukisafiri na kadi yenye dola 300 tu ukidhani kila kitu kimelipwa, unaweza kukwama mapokezi na uthibitisho wako mkononi.

Sasa kuna msikilizaji atasema, mbona na sisi tunatoza? Ni kweli. Mgeni anayelala Zanzibar hukuta kodi ya miundombinu inayohesabiwa kwa kichwa kwa usiku, na mara nyingi huilipia pale pale hotelini. Tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anatakiwa pia kuwa na bima ya Zanzibar, dola 44. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda kuchukua mzigo Dubai wanaijua Dirham ya Utalii, iliyoanza Machi 2014: dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kutegemea nyota za hoteli, na unadaiwa ukishafika Deira hata kama chumba kimelipwa. Nazo zinakera. Neno tozo limetuchosha Watanzania tangu ile ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyopunguzwa kwa asilimia 30 kabla haijafikisha miezi miwili.

Lakini mimi siziweki kapu moja. Dirham ya Utalii ni ileile kwa hoteli zote za daraja moja, imeandikwa na serikali, na inakwenda serikalini. Hoteli haiwezi kuitumia kujifanya rahisi kuliko jirani, kwa sababu jirani naye anaitoza. Ada ya risoti huamuliwa na mwenye hoteli, inabaki kwake, na kule Marekani, kabla ya kanuni ya Mei 2025, aliweza kuipandisha wakati wowote bila kugusa bei iliyo dirishani. Ukidaiwa kitu mapokezi, swali la kwanza ni hili: hii ni ya serikali au ni ya kwenu? Wakinyamaza kidogo kabla ya kujibu, umeshapata jibu.

Nirudi Las Vegas kidogo. Kwa kuwa nimelipa, niliamua nitazila zile dola 204 hadi nitapike. Asubuhi ya kwanza nikaingia jim saa kumi na moja nikiwa na makubadhi, nikatembea kwenye ule mkanda unaokwenda bila kufika, kijana mmoja akanitazama kwa huruma. Bwawani nikakaa ukingoni nikatumbukiza miguu, na kwa kweli uvimbe ulipungua. Maji, chupa mbili kila siku, nilikunywa zote nane, ya mwisho nikiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Zikabaki simu za bure ndani ya mji, ambazo ziliniumiza kichwa hadi usiku wa mwisho.

Dirishani kwangu ilionekana hoteli nyingine, ng'ambo ya barabara, taa zake nyekundu. Nikachukua kitabu cha chumbani, nikatafuta namba, nikapiga. Mwanamume akapokea. Nikamwuliza vyumba vyao bei gani, akanitajia, chini ya kile changu. Nikamwuliza, na ada ya risoti? Akatulia kidogo.

"Dola 50 kwa usiku, bwana, na kodi yake," akasema. "Lakini inajumuisha simu za bure ndani ya mji."